Saa za Kushika: Wasichana, Wavulana na Kompyuta Katika Klabu za Shule, Moshi na Arusha

Muulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza kama anapenda kompyuta, atakujibu ndiyo. Darasa zima litanyoosha mikono, wasichana kwa wavulana, maana hakuna mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Pasua, Kibosho au Ngaramtoni asiyetamani kuingia kwenye kile chumba chenye nondo madirishani. Sisi tunaoendesha klabu za teknolojia baada ya vipindi tulianza na swali hilo, na majibu yake hayakutufaa kitu. Tofauti huanza kuonekana mlango ukishafunguliwa.

Chukua maabara yenye kompyuta 12 na wanafunzi 40. Fungua mlango, simama pembeni dakika mbili, usiseme neno. Wavulana wataingia mbio na kukaa mbele ya kibodi. Wasichana watafuata na madaftari yao na kusimama nyuma ya viti. Baada ya dakika tano kila meza imeshajipanga: mvulana mmoja ameshika kipanya, wa pili anaelekeza kwa kidole kwenye kioo, msichana anaandika. Ukiwauliza, watakwambia wamegawana kazi na yeye ndiye katibu kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Hakuna aliyekusudia kumwonea mwenzake. Lakini kipindi cha dakika 80 kinaweza kwisha na katibu huyo akatoka bila kuigusa mashine hata mara moja, na mwisho wa muhula tukaandika kwenye ripoti kwamba wasichana hawana hamu na teknolojia.

Kinachoitwa hamu, kwa sehemu kubwa, ni saa za kushika zilizojikusanya. Mvulana akitoka shule anapita kwa fundi redio, anakaa kwenye benchi, anatumwa bisibisi, anaona kifuniko kikifunguliwa na moshi ukitoka. Jumamosi yuko kwenye banda la gemu au kwa fundi wa bodaboda. Msichana wa umri uleule ana maji ya kuteka, jiko la kuangalia na mdogo wa kubeba. Simu ya nyumbani humfikia usiku, tena kwa kusomea ujumbe wa bibi. Watoto hawa wawili wanapokutana kidato cha kwanza, mmoja ameshazoea kwamba kifaa kikifunguliwa hakilipuki, na mwingine ameambiwa maisha yake yote asiguse, ataharibu. Hofu ya kuharibu ndiyo tunayoisoma kama kutopenda.

Kwenye kikao cha wazazi hakosekani mzee wa kusema kwamba hii ni asili, Mungu ameumba hivyo. Mzee hujibiwa kwa heshima na kwa mifano. Mwambie: Mzee, ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita. Hukohuko Marekani, mwaka 1984 wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta, kisha wakashuka hadi karibu asilimia 18 miaka ya 2010. Damu haibadiliki ndani ya miaka 25. Kilichobadilika, pamoja na mengine, ni kwamba miaka hiyo kompyuta za nyumbani ziliingia sokoni zikitangazwa kama vitu vya kuchezea vya wavulana, na waliofika chuoni wakiwa wameshazishika wakawa ndio kipimo cha wengine. Malaysia, kwa upande mwingine, wanawake wamekuwa karibu nusu ya wanafunzi wa kompyuta vyuoni. Na utafiti wa kimataifa wa ICILS wa mwaka 2013, uliorudiwa 2018, uliwapima wanafunzi wa darasa la nane katika kutumia kompyuta kutafuta na kupanga taarifa: kwa wastani wasichana waliwapita wavulana. Wavulana walijiamini zaidi katika yale mambo ya kompyuta yanayoonekana ya kitaalamu. Mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2018 ulionyesha kwamba katika nchi za OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kama asilimia 8 ya wavulana wa miaka 15 walitarajia kufanya kazi za kompyuta na mawasiliano, na kwa wasichana ni kama asilimia 1 tu. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtu kujiona mle ndani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, tukianza na kupima, kwa sababu usipopima utajidanganya. Lile swali la "unapenda?" tuliliacha. Badala yake tunauliza mambo yenye majibu ya kuhesabika: Umewahi kufungua nini kwa bisibisi? Kompyuta ikigoma kuwaka, utaanzia wapi? Simu ya nyumbani unaishika saa ngapi na kwa kazi gani? Mara ya mwisho kushika kipanya ilikuwa lini? Majibu ya wasichana na wavulana kwenye maswali haya hutofautiana sana hata kama kwenye lile la kupenda yanafanana.

Halafu tunahesabu mikono. Chora ramani ya meza kwenye karatasi moja. Mtu asiye mwalimu wa kipindi akae nyuma, na kila baada ya dakika tano aandike kwenye kila mashine K kama aliyeshika kipanya au kibodi ni wa kike, M kama ni wa kiume. Dakika 80 ni mizunguko 16. Mashine zote 12 zikitumika utapata alama 192. Kama nusu ya darasa ni wasichana, K zinatakiwa zikaribie 96. Usiwaambie wanafunzi unachohesabu, watajirekebisha kwa siku hiyo moja tu. Fanya hivyo wiki ya kwanza, ya sita na ya mwisho. Karatasi hizo tatu zitakupa habari kuliko hojaji ya kurasa nane.

Kwa wanafunzi 40 na mashine 12, usiwaingize wote kwenye kompyuta kwa pamoja. Gawa makundi mawili ya 20. Kundi moja likae wawili wawili kwenye mashine 10, la pili liwe kwenye meza za nyaya na karatasi, wabadilishane katikati ya kipindi. Mashine mbili zinazobaki ni za akiba, na ndizo za kufungua kujifunza matengenezo. Wiki sita za kwanza wapange jinsia moja kwa kila jozi, kisha uwachanganye. Ukiwachanganya siku ya kwanza, aliyekuja na uzoefu wa kwa fundi redio ataendesha na mwenzake ataandika, nawe utakuwa umeipa baraka ile hali uliyotaka kuiondoa. Kwenye meza za watu wanne, usimweke msichana mmoja na wavulana watatu hata kama hesabu ya darasa inakulazimisha. Afadhali meza moja isiwe na msichana kabisa na nyingine iwe na wawili au zaidi.

Kila jozi ina mshikaji na msomaji. Mshikaji haamui, anafanya. Msomaji hagusi, anasema nini kifuatie na kwa nini. Kila dakika 10 simu ya mwalimu inalia, wanabadilishana. Kanuni hii inaonekana nyepesi ila ina mahali pawili inapovunjikia. Kwanza, kengele hulia mtu akiwa karibu kumaliza, na utasikia "ngoja kidogo nimalizie hapa". Kumalizia huko huchukua dakika saba. Dawa yake ni kengele mbili: ya kwanza dakika ya tisa ya kuhifadhi kazi, ya pili ya kuinuka, iwe imekwisha au haijaisha. Pili, wakibadilishana kipanya bila kubadilishana viti, kipanya kitarudi kilikotoka. Waya wake ni mfupi, kimelala mkono wa kulia wa aliyekaa katikati, kioo kimeelekea kwake. Mwenzake anainama pembeni, shingo inauma, baada ya dakika mbili anasema mwenyewe, "Basi endelea wewe." Kwa hiyo wainuke wote wawili na wabadilishane viti. Kwenye karatasi ya K na M tofauti huonekana wiki hiyohiyo.

Kuna mkono mwingine ambao haumo kwenye ile karatasi, nao ni wa mwalimu. Msichana akikwama, ataita, "Mwalimu, imegoma." Mwalimu anainama juu ya bega lake, anachukua kipanya, anarekebisha kwa sekunde tano, anaondoka. Mvulana akikwama, mwalimu yuleyule anasimama mbali na kumwambia, "Hebu angalia tena mstari wa tatu." Tunafanya hivyo kwa huruma, na walimu wa kike tunafanya sawasawa na wa kiume. Mtoto wa kwanza amejifunza kwamba kuna mtu wa kumtengenezea, wa pili amejifunza kutengeneza. Sasa kanuni ni mikono mgongoni: mwalimu akifika kwenye meza anafunga mikono nyuma, anauliza maswali matatu tu. Ilitakiwa ifanye nini? Imefanya nini? Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka ulipobadilisha nini? Swali la tatu peke yake hutatua sehemu kubwa ya matatizo. Likishindikana, mwalimu anaonyesha kwa mdomo, hagusi. Wiki mbili za kwanza utaona unachelewesha kipindi. Usikate tamaa.

Na ukiuliza swali darasani, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili Marekani kuanzia miaka ya 1960, aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja kabla ya kumtaja mtu au kujijibu wenyewe, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Kwenye darasa la kompyuta sekunde moja ni ya yule anayepayuka. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kisha ita jina kwenye orodha, weka alama, ili kesho usirudi kwa walewale.

Tukija kwenye programu ya kuanzia, Scratch, ambayo mtoto huunda programu kwa kuunganisha vipande vya amri kwenye kioo, inatosha na haihitaji intaneti ukishaisakinisha. Inayo lugha ya Kiswahili kwenye sehemu ya kuchagua lugha, na kwa kidato cha kwanza aliyetoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili hilo peke yake huondoa nusu ya ukimya. Toleo la 3 la mezani linataka Windows 10 kwenda juu. Kama mashine zenu ni za msaada zenye Windows 7 na kumbukumbu ya gigabaiti 2, msihangaike nalo, wekeni toleo la 1.4, ni jepesi na linafundisha mantiki ileile.

Hapa kuna kosa tulilolifanya kwa muda mrefu. Zoezi la kwanza lilikuwa daima gemu ya kukimbizana: paka anamfukuza panya, pointi zinaongezeka. Nusu ya darasa wakasisimka, nusu wakafanya kwa kutii. Tulipoacha mada wazi, "tengenezeni kitu kinachojibu ukikigusa", wasichana wengi, na wavulana kadhaa ambao hatukuwatarajia, walichagua hadithi za mazungumzo: mama na muuza ndizi sokoni, abiria na konda, mgonjwa na nesi. Wapo walimu walioona huo ni mchezo wa kitoto usio na programu ndani yake. Ukae nao karibu uone. Mwanafunzi anampa mama maneno, anaweka "subiri sekunde 2", anampa muuzaji maneno baada ya sekunde 2. Inakwenda. Kisha anaongeza sentensi moja kwa mama, na hadithi nzima inaharibika: muuzaji anajibu kabla hajaulizwa, mtoto anacheka kabla ya kichekesho. Anabadilisha sekunde moja hapa, mbili pale, kila akigusa mahali pamoja, pengine panaharibika. Hapo ndipo anapofundishwa kutangaza ujumbe: mama akimaliza, anatangaza "nimemaliza", na muuzaji anaanza akipokea ujumbe huo, hata kama mama ameongea saa nzima. Amejifunza kwa nini sehemu mbili za programu zinatakiwa kuarifiana badala ya kukisia muda. Hilo ni somo la kihandisi, na aliyekuja kwa njia ya hadithi amelifikia mapema kuliko aliyekuwa akihesabu pointi za paka.

Kuta nazo zinasema. Sapna Cheryan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kwamba kubadilisha tu vitu vilivyomo chumbani, kuondoa picha na vikorokoro vinavyohusishwa na vijana wa kiume wapenda kompyuta na kuweka picha za mandhari na vitu vya kawaida, kuliongeza hamu ya wanawake kwa fani hiyo. Hapa kwetu haigharimu kitu. Bandua bango la magari ya mashindano, weka picha za kazi za wanafunzi wenyewe zenye majina yao. Usipake ukuta rangi ya waridi kwa ajili ya wasichana. Wanaielewa mara moja na inawaudhi, kwa haki.

Kazi ya nyaya ndiyo inayobadilisha mambo zaidi, na tunayoipenda kuliko zote ni ya kupima unyevu wa udongo. Kwa meza ya watu wanne unahitaji Arduino Uno moja (kibao kidogo cha umeme kinachopokea programu kutoka kwenye kompyuta) na waya wake wa USB, bredibodi moja (ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya bila kulehemu), nyaya za kuunganisha kama 10, kihisi cha unyevu chenye meno mawili, taa mbili za ledi, nyekundu na ya kijani, na rezista mbili (vipunguza umeme) za ohm 220, zile zenye mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Wafundishe kwa nini 220. Pini ya Arduino, yaani tundu la kuchomekea waya, inatoa volti 5, ledi nyekundu inakula kama 2, zinabaki 3. Gawa kwa 220 unapata kama miliampia 14, chini ya 20 ambazo ledi ya kawaida inavumilia. Mguu mrefu wa ledi ndio chanya. Kosa la kwanza la karibu kila meza ni kuchomeka miguu yote miwili ya ledi kwenye safu moja ya matundu matano. Matundu hayo yameunganishwa ndani kwa chini, kwa hiyo umeme unaikwepa taa. Wape bredibodi kuukuu iliyobanduliwa gundi ya mgongoni waone zile bati zenyewe. Wakishaziona hawakosei tena.

Kihisi hutoa namba kati ya 0 na 1023 kwenye pini ya A0. Kwa kile cha meno mawili tunachotumia, namba iko juu kabisa hewani na hushuka kadiri udongo unavyolowa. Msitumie kipimo cha kwenye kitabu. Chukueni glasi ya udongo mkavu, muandike namba, mwageni maji kidogo kidogo, muandike kila mara, kisha mchague wenyewe namba ya kuwasha taa nyekundu.

Linaloharibika hapa ni zuri kuliko linalofaulu. Ukiunganisha kihisi moja kwa moja kwenye volti 5 na kukiacha udongoni, baada ya siku kadhaa namba zinaanza kuyumba bila sababu. Kichomoe. Jino moja bado linang'aa, jingine limekuwa jeusi na limeliwa mpaka njia ya shaba imekatika. Umeme ukipita kwenye maji ya udongo kwa upande mmoja muda wote unaila chuma ya upande chanya. Ni elektrolisisi ileile ya kwenye kemia. Dawa: umeme wa kihisi utoke pini namba 7 badala ya volti 5. Programu iiwashe pini 7, isubiri milisekunde 100, isome A0, iizime, kisha ilale dakika 10. Kihisi kitaishi muda mrefu zaidi. Tunawaachia makusudi wakiharibu kimoja. Kwa mtoto aliyeambiwa siku zote asiguse ataharibu, kuharibu kitu mbele ya mwalimu, kukipeleleza na kujua sababu yake, na asigombezwe, kunafanya kazi ambayo hotuba kumi haziwezi.

Na kuna jambo hutokea mkipeleka jaribio nje, shambani. Kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, chini ya migomba, anayejua udongo mara nyingi ni msichana, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwagilia mchicha wa mama na kujua zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, ni siku gani. Mvulana aliyekuwa bingwa wa nyaya anachomeka kihisi juujuu. Msichana anamwambia, "Hapo juu huwa pakavu tu hata kama jana tumemwagilia, shusha mpaka kwenye mizizi." Wanachimba nusu shubiri, namba inashuka, taa nyekundu inazimika na ya kijani inawaka. Kuanzia siku hiyo mgawanyo wa meza ile hubadilika bila amri ya mwalimu, kwa kuwa ujuzi umeonekana uko pande zote mbili. Tahadhari moja: usiuite mradi wa wasichana. Wavulana wa Uru na Machame nao wana mashamba.

Kwenye kulehemu, shida kubwa ni nguo. Ovaroli za karakana huwa za saizi ya mwanamume mzima, na mkono uliokunjwa mara nne unanasa kwenye chuma chenye joto la nyuzi 350. Nunua saizi ndogo ukienda mnadani Kiboriloni, au mpe fundi cherehani apunguze. Mtandio uingizwe ndani ya ovaroli, ncha zisining'inie. Nywele ndefu zifungwe. Viatu vya kufunika. Waya wa kulehemu wenye mchanganyiko wa bati 60 kwa risasi 40 huyeyuka karibu na nyuzi 190 na una sumu, kwa hiyo madirisha yawe wazi na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mambo haya yakipangwa mapema, hakuna msichana atakayeambiwa akae pembeni kwa usalama wake.

Ratiba inaua klabu nyingi kimyakimya. Klabu ya Jumamosi huwa klabu ya wavulana ndani ya mwezi mmoja: siku hiyo ni ya kufua, soko na usafi wa nyumba. Klabu ya saa mbili mfululizo baada ya masomo nayo huwapoteza wanaopanda kwa miguu kurudi Kibosho, hasa masika, mvua ikianza saa kumi. Siku mbili za dakika 50 ni bora kuliko siku moja ya saa mbili, na bora kuliko zote ni kuiingiza kwenye saa za michezo ndani ya ratiba. Mpelekee mzazi barua yenye saa kamili ya kutoka, na uitunze saa hiyo. Baba aliyeona binti amefika saa aliyoambiwa mara tatu haulizi tena. Weka pia taulo za kike na maji karibu na maabara, na kila wiki iwe na kadi moja ya kazi yenye hatua zake, ili aliyekosa siku tatu asirudi akakuta wenzake wako mbali akanyamaza.

Yote haya yafanyike kidato cha kwanza na cha pili. Kwa utaratibu ambao wengi wetu tumeufundishia, baada ya mtihani wa kidato cha pili mwanafunzi huweza kuiacha fizikia, na akiiacha amezifungia milango tahasusi za kidato cha tano za PCM (fizikia, kemia na hisabati), PGM (fizikia, jiografia na hisabati) na ile ya fizikia, hisabati na kompyuta, hata kama hamu itamrudia akiwa kidato cha nne. Tunawaita wageni kabla ya uamuzi huo. Mgeni anayefaa ni binti aliyewapita miaka mitatu au minne, anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi, ambaye wanaweza kumwita dada. Aje mara tatu, asije mara moja. Asihutubie. Aje na kazi yake iliyokwama, akae kwenye benchi, aifungue mbele yao. Wapo wasichana ambao hata saa zikilingana watachagua uuguzi au baiolojia, na hilo ni sawa kabisa, wamechagua wakijua wanaacha nini. Wapo pia wavulana waliokuwa wakijificha nyuma ya utani kwa kuogopa mashine. Kengele ya dakika 10 iliwasaidia nao.

Limebaki la ufunguo. Katika shule nyingi ufunguo wa maabara hukaa kwa kiranja wa kiume, kwa kuwa ndiye anayebeba mashine na kuwasha jenereta. Anayeshika ufunguo ndiye anayeingia dakika 20 kabla, anayejaribu panapogoma, anayebaki na rafiki zake baada ya wengine kutoka. Kwa muhula mmoja ni saa nyingi za kushika, na hazimo kwenye ratiba yoyote. Tunaupa ufunguo watu wawili kwa zamu ya wiki, msichana na mvulana, na kila mmoja anaruhusiwa kuingia na wenzake wawili. Kuna daftari limetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, linaandikwa jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na kilichofanyika. Kila mwisho wa mwezi tunajumlisha dakika za kila upande kwa kalamu nyekundu chini ya ukurasa, na zamu ya mwezi unaofuata inaanza na aliyekuwa nyuma.